Mafuta si dawa ya kutu ya breki

Kwa miaka mingi wageni waliofika Amu walipenda kusimuliana kwamba kisiwa kizima kina gari moja tu, nalo ni la Mkuu wa Wilaya. Masimulizi hayo yalikuwa na ukweli wake katika zama zake, na punda ndiye aliyekuwa bwana wa njia zetu. Mji wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ungali na vichochoro visivyoweza kupitisha gari. Hata hivyo zama zimebadilika. Pikipiki zimeingia visiwani, na huko bara, ng'ambo ya pili ya maji, penye gati ya Mokowe, magari ya watu wa visiwani yamejipanga yakiwangoja wenyewe. Makala haya yanahusu magari hayo yanayongoja, na kutu inayoyala yakiwa yamesimama.

Mwenye gari wa Amu si sawa na mwenye gari wa Nairobi au Mombasa. Yeye hulala mbali na gari lake. Huliacha Mokowe, akapanda mashua, akavuka. Akarudi baada ya siku tatu, au wiki mbili, au pengine mwezi mzima. Muda wote huo gari limesimama hatua chache kutoka baharini, likipigwa na upepo uliobeba chumvi na kulowa umande kila alfajiri. Mwenyewe akirudi hutazama tairi, hupima maji na mafuta, kisha huwasha injini. Injini ikiitika, hushukuru Mungu akaondoka. Ni wachache mno wanaoinama kuchungulia nyuma ya ringi ili kuitazama diski ya breki, na hao wachache aghalabu hawajui la kufanya baada ya kuitazama.

Mimi nilikuwa katika hao wachache, na kutojua kwangu nusura kuniponze. Mwaka mmoja, katika miezi ya Kusi, mambo ya nyumbani yalinizuia kisiwani kwa muda wa wiki tano. Nilipovuka kwenda Mokowe nilikuwa pamoja na shangazi yangu, mtu mzima, niliyekuwa nikimpeleka Mombasa kwa matibabu. Nilizikuta diski zote zimegeuka nyekundu kama kigae. Nikakumbuka jinsi marehemu babu yangu alivyokuwa akilipaka panga lake mafuta kila alipomaliza kazi ya shamba, na jinsi panga hilo lilivyodumu miaka na miaka bila doa. Basi nikaomba mafuta machafu ya injini kwa kijana mmoja, nikachukua kitambaa, nikazipaka diski moja baada ya nyingine, huku nikijisifu moyoni kuwa nimeokoa mali yangu.

Tulipokaribia Hindi ng'ombe akachomoka kichakani akaingia barabarani. Nilikanyaga breki. Pedali haikuzama, ilikuwa ngumu chini ya mguu kama kawaida, lakini gari halikusimama. Liliendelea mbele kama jahazi lililokwisha kushusha tanga na bado linachukuliwa na mkondo. Nilipinda usukani, tukaingia majanini, tukasimama kwa rehema za Mungu kabla ya kuufikia mti. Hakuna aliyeumia. Shangazi alikuwa amekwisha kutoa shahada. Ng'ombe aligeuka akatutazama mara moja, kisha akaenda zake.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa na karakana yake kando ya barabara ndiye aliyetufaa siku ile. Alipofungua gurudumu aligusa diski kwa kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "hii ni dawa ya panga. Panga hupakwa mafuta liteleze lisishike maji. Sasa breki nayo ukiipaka, si itateleza vilevile?" Sikuwa na la kumjibu. Alinifunza mengi katika saa tatu zile, na mengine nimeyasoma na kuyauliza baadaye. Nimeona si haki kuyafungia moyoni, maana tangu siku hiyo nimewaona si chini ya watu watatu wakishika kitambaa na kopo la mafuta kama nilivyofanya mimi.

Kwanza tuielewe breki yenyewe. Diski ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedali, pedi mbili huibana sahani hiyo huku na huku, na ule mkwaruzo ndio unaougeuza mwendo wa gari kuwa joto. Hakuna mkwaruzo, hakuna breki. Ndiyo sababu uso wa diski haupakwi rangi, wala mafuta, wala kitu chochote cha kuukinga: kila kingacho, huteleza au hubanduka. Diski nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho ni cha bei nafuu, hustahimili joto na hukwaruza vizuri, ila hakina kinga yake yenyewe dhidi ya kutu. Kwa hiyo diski ni chuma kilicho uchi, na hapana budi kiwe uchi.

Kutu nayo huzaliwa chuma kinapokutana na hewa na maji. Chumvi haiizai, lakini huiharakisha sana. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki na majimaji hata pale mtu anapodhani kimekauka. Wazee wetu waliyajua haya kwa uzoefu. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa hivi hapo kale, ulishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari wa chuma. Na majahazi ya misumari yalipakwa sifa ubavuni na deheni chini ya maji, ili bahari isiufikie mwili wa chombo. Ujuzi huo ulikuwa sahihi kabisa kwa chombo, kwa panga na kwa jembe. Kosa langu lilikuwa kuuchukua ujuzi uliofaa kila mahali na kuutia mahali pale pamoja usipofaa.

Hata hivyo si kila kutu ya breki ni balaa, na sipendi msomaji aingiwe na hofu isiyo na sababu. Kuna daraja tatu, na kila daraja ina hukumu yake.

Daraja ya kwanza ni ule ukungu mwekundu unaotanda usiku mmoja, baada ya mvua au baada ya kuosha gari. Huo hauna madhara. Dereva aondoke polepole, na mahali palipo peupe akanyage breki kwa utaratibu mara kadhaa. Pedi zenyewe zitaufuta, na mkwaruzo utakaosikika utatoweka kabla hajafika mbali. Breki ni kama jembe la mkulima mwenye bidii: kinachoing'arisha ni kazi.

Daraja ya pili ni kutu ya wiki nyingi, iliyojijenga kuwa gamba. Hii husikika kwa sauti ya kusaga, na pedali hutetemeka chini ya mguu, kwa kuwa mahali palipofunikwa na pedi hapakuliwa sawa na mahali palipokuwa wazi. Wakati mwingine pedi huganda na diski, gari likakataa kuondoka, kisha likaachia kwa kishindo. Hapa gurudumu halina budi kufunguliwa.

Daraja ya tatu ni diski iliyotoboka vishimo, iliyoingia ufa, au iliyoliwa hadi ikawa nyembamba kupita kiasi. Aghalabu kiwango cha chini cha unene wa diski huandikwa na mtengenezaji kwenye diski yenyewe, ukingoni au sehemu ya katikati, kwa milimita. Diski iliyofika chini ya kiwango hicho haina dawa. Ni ya kutupwa, na hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili, ili gari lisivute upande mmoja linaposimama. Fundi anaweza kuikereza kwenye mashine diski yenye vishimo vidogo, lakini kwa sharti kwamba itakapotoka mashinoni itakuwa bado juu ya kiwango.

Nitaeleza jinsi ile daraja ya pili inavyosafishwa, kwa kuwa ndiyo inayowapata wengi wetu. Gari lisimamishwe mahali pagumu na sawa. Mokowe pana mchanga, kwa hiyo jeki iwekwe juu ya ubao mpana, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kutegemea. Gari liegemezwe juu ya stendi madhubuti kabla mtu hajaingiza mkono. Gurudumu likishatoka, kile kibano kinachozikumbatia pedi, ambacho mafundi hukiita kalipa, hufunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya. Kisiachwe kining'inie kwa mpira wake wa mafuta, maana mpira huo ukiingia ufa ndio mwisho wa breki.

Kutu nene husuguliwa kwa brashi ya waya. Kisha uso wa diski husuguliwa kwa msasa, pande zote mbili, kwa mkono unaozunguka, hadi chuma kionekane cheupe. Wako wanaoiloweka diski iliyovuliwa katika siki, na ni kweli kwamba uchachu hulegeza kutu, kama vile ndimu inavyong'arisha sinia la shaba. Lakini baada ya siki diski lazima isuuzwe kwa maji matamu na kukaushwa mara moja, la sivyo itapata kutu mpya kabla ya adhuhuri. Mahali diski inapokaa juu ya kitovu cha gurudumu nako kusuguliwe, kwa sababu gamba dogo tu la kutu hapo huifanya diski iyumbe inapozunguka. Mwisho wa yote uso hufutwa kwa dawa maalumu ya kusafishia breki au kwa spiriti safi. Dizeli na mafuta ya taa havifai, kwani huacha utando wa mafuta, tukarudi pale pale tulipotoka.

Pedi zitazamwe kwa makini. Pedi iliyonyonya mafuta haioshwi ikafaa, hutupwa. Zangu zilitupwa zote siku ile, na gharama yake ilinifunza kuliko maneno. Hali kadhalika, kutu huingia baina ya ile nyama ya pedi na bamba la chuma linaloibeba. Kutu ni nene kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inapozaliwa husukuma. Watu wa Amu wanaijua nguvu hiyo: wameona nondo zilizoshika kutu zinavyopasua zege la nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa pwani. Ndivyo nyama ya pedi inavyobanduka ikadondoka. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi la aina yoyote ya pedi halifai kuvutwa pumzi.

Kabla ya kurudisha kalipa, pini zake zivutwe, zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Katika magari yanayokaa Mokowe, pini hizi huganda mara nyingi, na ikiganda pini pedi moja hufanya kazi ya mbili. Kazi ikiisha, na hili ni la maisha na mauti, dereva akanyage pedali mara nyingi gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu. Pedi zilizosukumwa nyuma hazirudi mahali pake zenyewe, na anayeondoka bila kufanya hivyo huondoka bila breki.

Ama kuhusu kinga, mambo si mengi. Gari litakaloachwa muda mrefu lisivutwe breki ya mkono. Pedi au viatu vya breki vilivyobana chuma chenye unyevu hugandamana nacho. Gari liachwe ndani ya gia, au kwenye herufi P likiwa la gia za kujiendesha, na magurudumu yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Likiwa limerushiwa maji ya bahari, magurudumu yamiminiwe maji matamu. Kisha liendeshwe kidogo na kupigwa breki hadi likauke, maana kuosha na kuacha ni kulilowesha tu. Lisifunikwe kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa, kwani hufungia unyevu ndani. Na kubwa kuliko yote, atafutwe mtu mwaminifu mwenye leseni, aliendeshe kilomita chache walau mara moja kwa wiki na kupiga breki za kweli. Kuwasha injini na kuizima pale pale hakuisaidii breki hata kidogo.

Yapo pia mafuta ya breki yenyewe, yale yaliyomo ndani ya mipira. Hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri siku zinavyopita. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huruhusu yachemke kwa nyuzi 140. Yakichemka, pedali huzama. Aidha unyevu huo huleta kutu ndani ya kalipa, mahali pasipofikiwa na brashi yoyote. Wataalamu wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Kutu ya breki si taabu ya pwani peke yake. Huko Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, wameizoea. Na magari ya umeme, ambayo hupunguza mwendo kwa mota yake bila kutumia pedi sana, yamewarudishia wahandisi tatizo lile lile la diski isiyofanya kazi. Wapo watengenezaji wanaozipaka diski zinki au rangi kwenye kingo na katikati, mahali pasipoguswa na pedi. Anayenunua diski mpya na akazipata za namna hiyo, azichukue.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tulizungumze jambo hili gazetini, wakati kila mwenye gari ana fundi wake? Nalizungumza kwa sababu barabara imebadilika. Zamani safari ya kutoka Mokowe kwenda Garsen ilikuwa ya mashimo na tope, na mashimo hayo yenyewe yalikuwa breki. Hakuna aliyeweza kukimbia. Sasa kuna lami. Bandari ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, imeongeza sababu za malori kupita. Mwendo umepanda, ilhali breki zetu ni zile zile zilizolala penye upepo wa chumvi. Mtu anayetoka Mokowe asubuhi ana zaidi ya kilomita 300 mbele yake hadi Mombasa, akipita vijiji vyenye watoto wa shule na mifugo. Hao hawakuacha gari lao baharini, lakini ndio watakaolipa.

Huko Pate, Siyu na Faza nako pikipiki hupita ufukweni maji yakitoka, na mawimbi hurukia magurudumu. Ziwe za diski au za ngoma, breki zake hupata chumvi kila siku. Vijana wanaoziendesha hubeba wajawazito na wazee. Ndoo ya maji matamu jioni, na kukaguliwa breki kila mwezi, si mzigo mkubwa kwa kazi inayowalisha.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia maegesho ya Mokowe: yajengwe mabanda yenye paa na kuta za upande wa bahari, na pawekwe bomba la maji matamu, hata kama ni la kulipia. Anayelipa kuacha gari mwezi mzima hatashindwa kulipa kidogo zaidi kulinda roho yake. La pili ni kwa vyuo vya ufundi na kwa wakaguzi wa magari: katika pwani hii ya chumvi, somo la breki lisiwe la kupitiwa juu juu, na ukaguzi usiishie kwenye taa na honi. Gurudumu lifunguliwe, diski ipimwe.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau mwiba, nikauongezea na mafuta. Shangazi yangu alifika Mombasa siku iliyofuata, akatibiwa, akarudi salama, na hadi leo kila tunapovuka Mokowe huwa haingii garini mpaka aniulize kama nimetazama magurudumu. Namjibu kuwa nimeyatazama. Haridhiki, huinama mwenyewe, akachungulia nyuma ya ringi, akatazama rangi ya chuma, ndipo apande.